Barua kwa mwanangu: jina la mjukuu wangu wa Brno, Ucheki

Marahaba mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata na mama yako nimemsomea. Tumefurahi mno kusikia ni mtoto wa kike na kwamba wote wawili mna afya. Umeniomba ushauri wa majina kwa sababu nilisoma huko enzi za Chekoslovakia na Kicheki bado ninacho kiasi. Nimeona nisikujibu kwa simu, nikae niandike.

Orodha yako nimeipitia. Viktorie ni ushindi, linatoka Kilatini. Ema asili yake ni Kijerumani cha kale, lina maana ya kitu kizima, kilichokamilika. Tereza ni zuri masikioni, ila wataalamu hawajaafikiana kuhusu maana yake. Kateřina huhusishwa na neno la Kigiriki la usafi, lakini ile ř yao, r na zh zinazotoka kinywani kwa pamoja, itawashinda shangazi zako wote wa Morogoro, na sitaki mtoto aje likizo akute ameitwa jina jingine. Eliška ndiye Elizabeti wa Wacheki, kwa Kiebrania "Mungu ni kiapo changu". Malkia Eliška wa ukoo wa Přemysl ndiye aliyemzaa mfalme Karel IV, aliyeanzisha chuo kikuu cha Praha mwaka 1348. Hilo nisingelipinga.

Hata hivyo, naona orodha yako imeacha majina ambayo Wacheki wameyaunda kwa maneno yao wenyewe, na hayo ndiyo ninayoyapenda zaidi. Zora ni mapambazuko. Květa ni ua. Radka limebeba furaha. Božena ni wa Mungu. Katika karne ya 19, Kijerumani kilipokuwa kimeshika shule na ofisi zao, wapenda nchi walirudi kwa makusudi kwenye majina ya Kislavi, wakawaita mabinti Libuše kwa kumkumbuka yule mtabiri wa hadithi zao aliyeiona Praha kabla haijajengwa, au Vlastimila, mwenye kuipenda nchi yake. Yalikuwa majina ya watu waliokataa lugha yao ife.

Halafu kuna Věra na Naděžda, ambayo huku kwetu ni Imani na Tumaini. Ukimtajia mzee yeyote wa huko jina Věra atamkumbuka Věra Čáslavská, mwanasarakasi aliyepata dhahabu 7 za Olimpiki. Mwaka 1968 majeshi ya Umoja wa Kisovieti na washirika wake yaliivamia nchi yake mwezi Agosti, na Oktoba, akiwa jukwaani Mexico, wimbo wa taifa wa Kisovieti ulipopigwa aliinamisha kichwa akageuzia uso pembeni. Aliporudi nyumbani alilipa gharama ya tendo hilo kwa miaka mingi. Nilipokuwa mwanafunzi habari hiyo watu waliisimulia kwa sauti ya chini.

Na Milada. Ndani yake mna neno la kupendwa. Milada Horáková alikuwa mwanasheria na mbunge. Wanazi walimfunga akanusurika, kisha Wakomunisti wakamhukumu katika kesi ya kupangwa, wakamnyonga Praha tarehe 27 Juni 1950. Kabla ya kufa alimwandikia barua binti yake Jana, aliyekuwa na miaka 16. Serikali ilizizuia barua zake, na hazikufika hadi utawala ule ulipoanguka. Mimi nakuandikia wewe kwa uhuru, na barua yangu itafika, kwa hiyo siwezi kulitaja jina hilo nikapita tu. Ukilichagua, nitalipokea kwa heshima kubwa.

Ila kama uamuzi ungekuwa wangu, ningemwita Ludmila.

Maana yake ni mpendwa wa watu. Ludmila wa kwanza alikuwa mke wa Bořivoj, mtawala wa kwanza wa Bohemia, nchi ya Wacheki ya enzi hizo, anayejulikana kwa jina kuwa alibatizwa, na alikuwa bibi. Nataka ulizingatie hili. Ndiye aliyemlea mjukuu wake Václav, ambaye leo ni mtakatifu mlinzi wa nchi nzima. Baba yake Václav alipofariki mwaka 921, ugomvi ulizuka kati ya Ludmila na mkwe wake Drahomíra, mama yake Václav, juu ya malezi ya kijana na juu ya madaraka. Septemba mwaka huohuo watu waliotumwa walimvamia Ludmila katika ngome ya Tetín wakamnyonga, na simulizi linasema walitumia mtandio wake mwenyewe. Ndiyo maana wachoraji humwonyesha akiwa na mtandio shingoni. Václav alipokua alimrudisha bibi yake Praha kwa heshima, akamzika katika kanisa la Mtakatifu Jiří ndani ya ngome ya wafalme, na kaburi lake lipo hadi leo. Siku ukienda Praha, pita uwanja wa Václav. Utamwona mjukuu juu ya farasi, na miongoni mwa watakatifu wanne waliosimama kumzunguka, bibi yake yumo.

Wewe unajua ni nani aliyekulea mimi na mama yako tulipokuwa kazini Dodoma. Unajua nani alikufundisha kusali na kusoma. Huku mtoto hurithi jina la bibi yake, na sheria ya Ucheki inaruhusu mtoto kuandikishwa majina mawili. Basi la kwanza liwe Ludmila, la pili liwe la bibi yako. Kwa kuwa jina la kwetu halijazoeleka huko, ofisi ya matrika inayosajili watoto inaweza kudai uthibitisho wa mtaalamu kwamba ni jina halisi na ni la kike. Ulizeni mapema, msingoje siku ya kutoka hospitali. Kuhusu jina la ukoo, tangu mwaka 2022 wazazi wanaweza kuchagua mtoto wa kike asiwekewe ile -ová wanayoongezewa wanawake mwishoni mwa jina la ukoo. Hilo nawaachieni wenyewe.

Najua mume wako atasema Ludmila ni jina la wazee. Ni kweli, wengi wenye jina hilo sasa ni bibi. Lakini nilipokuwa huko wasichana wa darasani kwetu walikuwa akina Jana, Hana, Eva na Lenka, na Eliška lilionekana la kizamani vilevile. Leo limo kati ya majina yanayopendwa kuliko yote. Anežka nalo limerudi. Majina mazuri yanarudi pale mzazi mmoja anapothubutu, na ningependa safari hii awe wewe.

Tena litamkaa mtoto vizuri kila umri. Wacheki hawamwiti mtoto mdogo jina zima. Atakuwa Liduška, shuleni atakuwa Lída, na kwenye hati zake Ludmila. Ukimtaja unasema Ludmila, ukimwita unasema Ludmilo! Huku Morogoro watamwita Ludimila, watatia i moja na kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na bado atalitambua jina lake. Siku yake katika kalenda ni 16 Septemba. Huko siku ya jina haisahauliki, kwa kuwa imechapwa kwenye kila kalenda ya ukutani na redio huitangaza asubuhi. Mwanamke hupewa maua, mtoto hupewa pipi. Nami nitampigia simu kila mwaka tarehe hiyo.

Zungumza na mwenzio, na mama mkwe wako msimwache nje, maana yeye ndiye atakayemwita Liduška mara nyingi kuliko sisi wote. Moyo wako ukibaki kwa Eliška, nitalipokea kwa mikono miwili. Ila lile jina la pili nakuomba usiliache.

Mama yako ameshanunua doti za khanga za kumbebea mtoto. Nitumie anwani yenu mpya, na zile alama za juu ya herufi uziandike zote, kifurushi kisipotee.

Baba yako