Unga wa madini ukitua chini ya mto: tunachouliza kabla ya maabara

Mteja wa kawaida hutufikia akiwa na haraka. Bidhaa yake ya madini imefika tani 1,000 kwa mwaka katika soko la Umoja wa Ulaya, na kwa kiasi hicho REACH, kanuni ya Umoja huo kuhusu usajili wa kemikali, inagusa hadi viumbe wanaoishi kwenye mashapo, yaani tope na mchanga wa chini ya mito na maziwa. Anataka kujua maabara ipi inapima. Sisi humuuliza kwanza: unga wako ukikaa majini, unatoa nini?

Hata kabla ya hapo tunatazama jinsi unavyotengenezwa. Madini asilia yaliyosagwa na kuchekechwa tu, bila kubadilishwa kikemia, yamesamehewa usajili chini ya REACH. Kuna watu wameshangaa kusikia hivyo wakiwa wameshaomba bei za vipimo.

Kwa wasiosamehewa, jihadharini na njia ya mkato. Kwa kemikali nyingi za kikaboni, mtaalamu huchukua sumu iliyopimwa kwenye maji, akakokotoa sehemu itakayong'ang'ania kaboni ya tope, na kupata makadirio ya mashapo. Hesabu hiyo inategemea dutu kupenda mafuta kuliko maji. Jiwe halipendi chochote kati ya hivyo viwili, kwa hiyo namba itakayotoka, hata ikiwa na desimali tatu, ni mapambo.

Sasa tazama chupa yenyewe ya kipimo. Katika mwongozo wa vipimo namba 218 wa OECD, shirika la nchi zenye uchumi mkubwa, mabuu wachanga wa visubi wasiouma, Chironomus riparius, huwekwa kwenye mashapo yaliyochanganywa na dutu, na kwa kawaida husubiriwa siku 28 kuona wangapi watatoka wakiwa na mabawa. Mashapo hayo hutengenezwa maabara: takriban asilimia 75 mchanga wa kwatsi (quartz), 20 kaolini (udongo mweupe laini), iliyobaki ni mboji, kisha pH husawazishwa kwa kalsiamu kaboneti. Kipimo cha ukomo, yaani dozi ya juu ambayo ikikosa madhara huhitaji kupanda zaidi, ni miligramu 1,000 kwa kilo ya mashapo makavu. Tuseme bidhaa yako ni kaolini iliyochomwa. Kwenye gramu 200 za mashapo unaongeza gramu 0.2, na tayari mle ndani kuna gramu 40 za udongo ule ule kabla haujachomwa. Ukiona tofauti hapo, tuitie na sisi tuone.

Wenye mabaki ya tanuru la kuyeyushia madini (slag) au oksidi za metali hawana raha hiyo. Kwao tunaanza na kipimo cha uyeyukaji: unga hutikiswa kwenye maji kwa siku 7, na kwa kiwango cha chini cha miligramu 1 kwa lita hadi siku 28, huku metali iliyotoka ikipimwa. Zinki au nikeli ikionekana, ndipo mashapo yanakuwa na neno la kusema. Tope lisilo na oksijeni huwa na salfaidi ya chuma, na shaba, risasi, kadimiamu, nikeli na zinki humsukuma chuma nje na kukaa mahali pake zikiwa hazina madhara makubwa. Salfaidi ikizidi metali hizo, sumu yake haitarajiwi. Ikipungua, au tope likivurugwa likapata hewa, mambo hubadilika.

Kuna na lile linalowachanganya wengi: vifo visivyo vya sumu. Unga wenye asili ya chokaa hupandisha pH, na chembe laini mno huziba mahali mabuu wanapopumulia na kulia chakula. Ndiyo maana tunaomba chupa moja ya ziada yenye unga usio na kemia yoyote, wa ukubwa ule ule wa chembe. Mabuu wakifa na humo pia, ripoti inabadilika.

Kwa kuanza, tuletee uchambuzi wa elementi, ukubwa wa chembe, na maelezo ya kila hatua ya moto au asidi ambayo bidhaa inapitia.