Shangazi, watoto wasisimulie mara mbili

Shikamoo shangazi.

Mama wa wale wajukuu zako bado anauguzwa tangu usiku ule mumewe alipomuumiza mbele ya watoto, watoto wako kwako Makorora, Tanga, na nyumba imejaa wageni. Kila anayeingia anavua viatu, anakaa mkekani, anamvuta yule wa miaka sita: "Hebu nambie, baba alifanyaje?" Kabla hujatafuta msaada mwingine wowote, swali hilo likome. Wanaouliza wana huruma, lakini kila mtoto anaposimulia anarudishwa usiku ule ule, moyo unamwenda mbio na usingizi unapaa. Na kuna ubaya mwingine usioonekana upesi: kila mtu mzima anayeuliza humtia mtoto neno lake mdomoni. Kesi ikifika mahakamani, maelezo yameshapishana na wakili wa upande wa pili atayashika hayo hayo.

Nunua daftari la mistari. Kila ukurasa andika tarehe, saa, kilichotokea, na nani alikuwepo. Mtoto akisema jambo mwenyewe, bila kuulizwa, liandike kwa maneno yake, hata kama amekiita kitu kwa jina la kitoto. Usimsahihishe. Usiku aliolia, siku aliyokojoa kitandani, chakula alichokataa, yote yaingie humo. Afisa ustawi wa jamii akija, mpe daftari badala ya kumwita mtoto. Mtoto aelezee mara moja, kwa mtu aliyefundishwa kumsikiliza, basi.

Anza na mtendaji wa mtaa. Akuunganishe na afisa ustawi wa jamii wa kata au wa halmashauri, na ukienda ombi lako liwe bayana: unataka watoto wafunguliwe jalada la ustawi na wafuatiliwe. Ukisema tu "naomba msaada" utapewa pole. Kisha polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto, usieleze mambo kaunta mbele ya foleni. Ukiondoka hakikisha una namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako pale polisi, na jina la askari aliyekupokea, uandike daftarini. Fomu ya PF3, ile ya polisi ya kupeleka hospitali, ya mama yao hutolewa hapo bila malipo, ila aliyeumia vibaya hutibiwa kwanza, fomu ikafuata. Ukikwama popote, piga 116. Ni namba ya huduma kwa mtoto, haina gharama, na kuna mtu wa kukusikiliza hata usiku wa manane.

Wazee wa upande wa mume watakuja na maneno ya kumalizana kifamilia. Wapokee, wape chai. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka yeyote anayejua mtoto anadhulumiwa atoe taarifa, na mtoto ni mtu yeyote chini ya miaka 18. Suluhu za barazani mara nyingi huishia watoto kurudishwa kwenye paa lile lile, wakiwa wamejifunza kwamba anayesema hasikilizwi. Hilo la pili hudumu kuliko kovu.

Ikibainika hata kwa dokezo kwamba mmoja wa watoto alichezewa kingono, usingoje mtendaji wala mzee. Hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, mapema ndivyo bora, kisha humezwa siku 28 bila kuruka. Asiogeshwe kwanza. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana plastiki hutunza unyevunyevu, ushahidi ukaoza.

Turudi nyumbani. Watu wa mtaani hujaa wiki ya kwanza, halafu wanatawanyika kama baada ya matanga, na hapo ndipo mzigo unapokuelemea wewe. Kwa hiyo usiseme "nisaidieni". Chagua watu wanne, kila mmoja mpe kazi yake kwa miezi mitatu: mmoja awachukue watoto shule, mmoja apike Jumatano na Jumamosi, mmoja akushikie nyumba unapokwenda hospitali, mmoja wa kikoba ashike hela ya nauli na dawa. Sura ziwe zile zile. Mtoto aliyetishika anahitaji kujua nani atamfungulia mlango jioni, na kumhamisha kila wiki kwa shangazi huyu na mjomba yule kunamchanganya, hata kama kote anapendwa.

Shuleni ajue mwalimu mmoja tu, yule wa ushauri na unasihi au wa darasa. Mwombe mtoto akae karibu na mlango na aruhusiwe kutoka dakika chache bila kuulizwa mbele ya wenzake. Na asichapwe kwa kusinzia, hajalala huyo.

Usiku akishtuka, washa taa, mwite jina lake, mwambie yuko kwa bibi. Apulize taratibu kama anapoza uji wa moto: avute kwa pua ukihesabu tatu, apulize ukihesabu tano, mara sita hivi. Halafu ataje vitu vitano anavyoviona chumbani. Akikojoa, badilisha kanga kimya kimya, weka plastiki juu ya godoro.

Watasema ni jini, apungwe. Sheikh akimsomea dua akiwa kwenye mapaja yako, hakuna ubaya, mtoto hutulia kwa sauti anayoijua. Kufungiwa, kufukizwa moshi, kuchapwa ili "atoke", hapana kabisa. Kliniki isikatishwe kwa ajili ya kisomo.

Dalili hizi nyingi hupungua ndani ya mwezi. Zikivuka mwezi, au yule wa miaka kumi na moja akizungumzia kufa, kujiumiza, au akiacha kula au kusema, mpeleke hospitali ya Bombo, uliza kitengo cha afya ya akili. Hayo ya kufa usiyangojee mwezi.

Wakiuliza mama yuko wapi, usiseme amesafiri. Waambie: mama aliumia, madaktari wanamtibu, hamkukosea ninyi. Hilo la mwisho lirudie, watoto wadogo hudhani wao ndio waliosababisha.

Kesho asubuhi nenda kwa mtendaji na daftari, watoto wabaki na jirani. Picha zao zisiende kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na zilizokwishatumwa waombe wazifute.

Wasalimie sana. Usiwaulize kitu.