Usimtafutie Rukia nyumba kwa kutazama picha

Jersey City, New Jersey, Marekani
Jumapili, 17 Novemba 2024

Shoga yangu Zuhura,

Assalamu alaykum. Ujumbe wako wa Ijumaa nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili machozi yakinitoka na kisingizio kikawa vitunguu. Rukia amepata chuo! Yule aliyekuwa akijificha nyuma ya buibui lako kila nikija kwenu. Nimekaa kuandika kwa sababu uliyoniuliza hayajibiki kwa dakika mbili za simu, na pia kwa sababu hivi ndivyo tulivyozoea tangu nilipofika huku.

Umesema umeziona picha za maghorofa ya Jersey City yaliyosimama ukingoni mwa maji, ukapapenda, na sasa unauliza kwa nini mwanao asipange huko huko, au popote patakapopatikana, maadamu kaunti yenyewe ni ndogo na kila mahali ni karibu.

Udogo ni kweli. Kaunti ya Hudson, hii yetu yenye Jersey City ndani yake, ina ardhi ya kilomita mraba 120 hivi. Chukua Kaunti ya Mombasa yote, kisiwa na Likoni na Changamwe na Kisauni, ukate katikati, ndiyo sisi. Humo sensa ya 2020 ilihesabu watu 724,854. Mombasa mnakaa kama 5,500 kwa kila kilomita mraba, na kelele zote hizo za msongamano. Sisi tunapita 6,000. Na kipande hiki kimegawanywa miji 12, kila mmoja na meya wake na mfuko wake wa fedha. Mmoja unaitwa Guttenberg: nusu kilomita mraba, watu 12,000.

Ila hiyo "karibu" ndiyo ninayotaka uielewe kabla hujatuma pesa kwa mtu yeyote.

Katikati ya kaunti kuna jabali refu linaloitwa Palisades, limelala kama mgongo wa nyangumi sambamba na Mto Hudson. Mimi nakaa juu yake, mtaa wa Heights. Kazini kwangu ni Hoboken, chini kabisa, ambako namtunza bibi mmoja wa miaka tisini na kitu. Kutoka juu kwenda chini kuna lifti ya umma pale Congress Street, inakuteremsha hadi kituo cha treni ya umeme. Haina malipo. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi lifti hiyo hujaa wanawake: mayaya, wapishi, wafagiaji wa maofisi, na sisi wa kutunza wazee. Tumevaa raba na tumebeba chakula chetu. Kihispania ndicho kinachosikika zaidi, halafu Kiarabu cha Misri, halafu mimi na Mkenya mwenzangu mmoja tukiteta kwa Kiswahili. Jioni tunapanda watu wale wale, tumenyamaza. Miaka tisa sasa, na wa kushuka na mimi asubuhi kwenda kufanyiwa kazi bado sijamwona.

Sasa nikupe hesabu ambayo ningependa uwasomee wanafunzi wako, mwalimu. Juu ya jabali, jirani yetu hapa, kuna mji wa Union City: kilomita mraba 3.3, watu 68,589. Chini yake, mguu wa jabali mpaka mtoni, ni Hoboken: kilomita mraba 3.2, watu 60,419. Ardhi karibu sawa, watu hawapishani sana, mpaka ni mmoja. Ukipanga kaya za Hoboken kwa kipato, ile ya katikati inaingiza zaidi ya dola 150,000 kwa mwaka. Ya Union City haifiki nusu ya hapo. Union City watu wanane katika kila kumi asili yao ni Amerika ya Kilatini: Wakuba waliokimbia baada ya mapinduzi ya 1959, kisha Wadominika, Waekuado, Wasalvador. Hoboken wengi ni wazungu, vijana wa mabenki na kompyuta wanaovuka mto asubuhi kwenda Manhattan, kitovu cha jiji la New York.

Kwa hiyo mtu akikuambia umaskini unatokana na watu kubanana, mpe miji hii miwili. Yote imebanana. Tofauti ni kwamba huku chini wamebanana watu wawili katika vyumba vitatu, na huku juu watu sita, na wengine hulala kwa zamu, wa kazi ya usiku akiingia wa mchana anatoka, godoro halipoi. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipoingia niliona maana yake. Yule bibi ninayemtunza alikuwa na ghorofa zima la kujitenga. Mimi nilikuwa na chumba kimoja, choo tukishirikiana watu saba.

Usidhani Hoboken ilizaliwa tajiri. Bibi alizaliwa pale, wazazi wake wametoka Italia, baba yake alikuwa mchukuzi bandarini. Ilikuwa bandari kweli kweli, meli za Ulaya zikifunga gati mlangoni mwa watu. Halafu yakaja makontena, na makontena yanataka viwanja vipana, kazi ikahamia Newark na Elizabeth upande wa pili wa ghuba. Unakumbuka vile Mombasa ilivyochemka mwaka 2019 mizigo ilipoamriwa ipakiwe kwenye treni moja kwa moja hadi Nairobi? Nilimsimulia bibi, akaitikia kwa kichwa tu, akaniambia, "Kwanza hufa baa, kisha duka la viatu, kisha watu huhama." Viwanda navyo vikafuata, hata kile kikubwa cha kahawa ya Maxwell House kilifungwa mwaka 1992, na leo pale ni nyumba za kifahari.

Nyumba zilizoachwa waliingia Wapuertoriko, kwa sababu zilikuwa rahisi. Kisha bei zikaanza kugeuka, maana Manhattan iko dakika kumi kwa treni. Na hapo, Zuhura, kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980, ikaanza mioto. Nyumba za wapangaji ziliungua moja baada ya nyingine. Makumi ya watu walikufa, wengi Wapuertoriko, watoto wakiwamo. Mingi ya mioto hiyo ilisemekana ni ya kuwashwa makusudi ili majengo yabaki matupu, na waliofikishwa mahakamani walikuwa wachache mno. Bibi ananiambia alikuwa akilala na viatu karibu na kitanda. Mtaa aliouzungumzia mimi hupita kila siku. Una duka la mbwa na mahali pa kufanyia mazoezi, wala hakuna la kukujulisha. Nikipita husoma Fatiha kimoyomoyo.

Jersey City, ambako ndiko kuna chuo cha Rukia, ni mji mkubwa kuliko yote ya kaunti, watu 292,449, na umegawanyika kwa namna yake. Mwaka 1930 ulikuwa na watu zaidi ya 316,000, ukaporomoka mpaka 223,000 hivi mwaka 1980, sasa umefurika tena. Yale maghorofa ya picha zako yamejengwa juu ya viwanja vya reli vilivyokufa. Nyuma ya maghorofa kuna downtown, yaani mji wa kati, yenye nyumba za matofali za zamani, na ukienda kusini unaingia Bergen-Lafayette na Greenville, mitaa ya Wamarekani weusi. Serikali ya Marekani miaka ya 1930 ilichora ramani za miji ikipaka rangi nyekundu mitaa ambayo mabenki yaliiona ya hatari kukopesha, na kuwa na watu weusi mtaani kulitosha kuwa hatari. Kaunti hii nayo ilichorwa. Asiyekopeshwa hanunui, na asiyenunua hana cha kuwarithisha wanawe.

Niliishi Greenville miaka yangu mitatu ya kwanza. Mwenye nyumba wangu alikuwa mzee mweusi aliyetoka South Carolina akiwa kijana, dereva wa basi aliyestaafu, na ndiye aliyenifundisha jambo ambalo sijalisahau. Alinionyesha karatasi yake ya kodi ya jengo, ile mnayoiita reti. Huku kodi hiyo ndiyo inayolisha mji, shule na kaunti, na hukatwa kwa kadiri ya thamani iliyoandikwa ya nyumba. Thamani za Jersey City ziliandikwa mwaka 1988, zikaachwa hivyo miaka thelathini. Katika miaka hiyo nyumba za downtown zilipanda bei mara nyingi mno, za Greenville zikapanda kidogo, na kwenye daftari zote zikabaki pale pale. Matokeo yake ni kwamba tajiri alilipa chini ya fungu lake, na lile pengo likazibwa na watu kama yule mzee. "Mimi namlipia mwenye benki kodi," aliniambia, hakupaza hata sauti. Jimbo liliulazimisha mji kuandika upya, na thamani mpya zikaanza kutumika mwaka 2018. Mzee alikuwa ameshafariki. Na wale waliopandishiwa huko downtown hawakuwa matajiri wote. Walikuwamo wajane walionunua enzi za shida, kipato chao pensheni, wakapelekewa hati wasizoweza. Wengine waliuza. Bado nasema ilikuwa haki kufanywa, na dhambi ilikuwa kungoja miaka thelathini.

Na maghorofa je? Mengi yalisamehewa kodi ya kawaida ili wajenzi wavutike. Badala yake hulipa kiasi walichokubaliana na mji, na katika fedha hiyo asilimia 95 huchukua mji, 5 kaunti, na shule hazipati hata senti. Familia zinahamia, watoto wanaandikishwa, na jengo lenyewe haliichangii shule. Hili linaniuma kuliko mengine yote, na nimelisema kwenye mkutano wa wazazi kwa Kiingereza changu hiki hiki.

Lakini nisiseme mabaya matupu. Mahakama ya juu kabisa ya jimbo hili, katika kesi inayoitwa Abbott dhidi ya Burke, iliamua mwaka 1990 kwamba mtoto wa mji maskini anastahili shule yenye fedha kama ya mtoto wa mji tajiri, na mwaka 1998 ikaamuru watoto wa miaka mitatu na minne wa wilaya hizo wasomeshwe bure. Salim wangu aliingia darasani akiwa na miaka mitatu, hajui Kiingereza, na nilichonunua mimi ni begi tu. Union City imo katika orodha hiyo, Jersey City imo, na Hoboken nayo ingali imo kwa sababu ya ufukara wake wa zamani. Sina kinyongo, mtoto ni mtoto. Natamani tu orodha iangaliwe tena na watu wasioogopa kura.

Watu wa hapa ungewapenda. Zaidi ya wanne katika kila kumi tumezaliwa nje ya Marekani, na Jersey City hakuna rangi wala asili moja inayofika hata theluthi. Karibu na Journal Square kuna mtaa wa Wahindi, huko napata unga wa dengu, bizari, ukwaju, na mwenye duka mmoja aliyezaliwa Kisumu ananiuliza habari za nyumbani kwa Kiswahili kizuri kuliko cha wanangu. Nyama halali haitafutwi. Nenda Bergenline Avenue huko juu, vibasi vidogo vya watu binafsi vinapita kama matatu, vinasimama unapopunga mkono. Mara ya kwanza nilipopanda kimoja nilicheka peke yangu mpaka dereva akanigeukia.

Basi shauri langu kwa Rukia ni hili. Ghorofani ukingoni mwa maji asahau, chumba kimoja na sebule ni zaidi ya dola 3,000 kwa mwezi. Chumba cha chini ya ardhi asikubali hata akipewa kwa nusu bei. Vingi havina kibali, mlango mmoja, dirisha kama la jela, na mvua kubwa ikinyesha maji huingia humo kwanza. Niliwahi kukaa kimoja, mwenyewe akachukua amana yangu na sikuipata tena. Asisaini kitu ambacho sijakisoma. Nataka akae Heights au karibu na Journal Square, ambako treni ya kwenda Manhattan hupita usiku na mchana, na chuo atakwenda kwa basi moja. Mama mmoja Mwekuado ninayeshuka naye kwenye lifti ana chumba kitakachobaki wazi mwezi wa Januari, bintiye anaolewa. Anataka dola 950, jiko la kushirikiana, na ameshaniuliza kama huyo msichana anakula nguruwe ili atenge sufuria. Kesho saa kumi na mbili na nusu nitampa jibu la kwanza, kwa hiyo usiku huu nitumie neno moja tu, ndiyo au la.

Aje na koti jepesi la ndegeni, zito ninalo. Aniletee bizari ya pilau ya mama yako, na kama mizigo inaruhusu, leso mbili, moja yangu na moja ya bibi. Nimemsimulia maandishi ya leso, anataka yake iwe na jina la bahari.

Nisalimie Baba Rukia na wote wa Kibokoni.

Shoga yako,
Mwanaisha