Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Anayefundisha mwaka wa kwanza naye apande cheo

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Nakuandikia kutoka Iringa, miezi michache baada ya kustaafu kufundisha kemia katika chuo kikuu kimoja cha Nyanda za Juu Kusini, kazi niliyoianza nikiwa mhadhiri msaidizi na kuimaliza nikiwa mhadhiri, daraja ambalo sikulivuka kwa miaka 19. Pensheni yangu siilalamikii. Ninalolileta kwako ni namna tunavyompima mwalimu wa shahada ya kwanza.

Muhula mmoja niliwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza hesabu ya moli, wakaipata karibu wote. Kesho yake nikawaambia wachore kilichomo ndani ya glasi ya maji baada ya chumvi kuyeyuka. Binti mmoja, aliyemaliza kidato cha sita kwa daraja la kwanza, alichora chembe mbili mbili zilizoshikana zikielea majini. Waliochora jibu sahihi, yaani ioni (chembe zenye chaji ya umeme) za sodiamu na za kloridi zimeachana, kila moja ikiwa imezungukwa na maji, walihesabika. Nilirudi ofisini nimenywea, maana somo hilo nilikuwa nimelifundisha mimi mwenyewe, kwa saa mbili nzima.

Tangu hapo nikawa nauliza kwanza swali lenye majibu ya kuchagua: kila mmoja anainua kadi ya rangi ya jibu lake, anabishana na jirani yake, anainua tena, ndipo nami nafungua kinywa. Mbinu hiyo si yangu. Eric Mazur, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alianza kuitumia mwaka 1991 baada ya kugundua kwamba wanafunzi wake nao walikokotoa bila kuelewa. Ukumbi hugeuka Soko la Mashine Tatu, na mabishano huendelea hadi kwenye vimbweta. Lakini swali moja zuri laweza kula jioni nzima, kwa kuwa majibu yake yasiyo sahihi hayana budi kutokana na makosa ambayo wanafunzi huyafanya kweli.

Nilipoomba kupandishwa cheo niliambatisha maswali hayo yote. Kamati ilihesabu makala zangu, ikaziona chache, na lile bunda la maswali likarudi limefungwa kwa uzi ule ule nilioufunga mimi.

Sisemi utafiti upuuzwe. Asiyetafiti huishia kusoma notsi zilizochakaa. Hata hivyo Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2001, alihamia Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, mwaka 2007 ili aongoze mpango wa kubadili ufundishaji wa sayansi, na heshima yake haikupungua. Kwetu, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya juu, HEET, wa mwaka 2021, wenye mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 425, unajenga kumbi na maabara. Naomba vigezo vya kupandisha vyeo navyo viupe ufundishaji uzito unaohesabika: wahadhiri wenzake waingie darasani mwa mwalimu wamwone, mitihani yake isomwe, na kozi alizozifumua na kuzisuka upya zikaguliwe. Dodoso wanalojaza wanafunzi wiki ya mwisho ya muhula halitoshi, kwani mara nyingi hupima ucheshi.

Mhadhiri kijana aliyepewa kozi yangu alikuja nyumbani juzi kuyaomba yale maswali. Nilipokuwa namfungulia bunda aliniuliza kama yatamsaidia kupanda daraja, nami sijamjibu hadi leo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mhadhiri mstaafu, Iringa