UTI inayojirudia: kabla hujaomba sipro nyingine

Wanaokuja kwenye duka letu la dawa na UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, huongea kwa sauti ya chini: mkojo unachoma, haja ndogo kila saa, dozi zimemezwa mwaka mzima na bado inarudi. Wengi wanataka sipro, yaani antibayotiki ya siprofloksasini, kama ya mara iliyopita. Sisi tunawaomba kwanza wakaoteshe mkojo maabara ili bakteria ajulikane, kwa sababu dozi ya kubahatisha huua bakteria dhaifu na kuwaachia uwanja wale sugu. Vipimo vikithibitisha kwamba UTI imekuja mara 2 ndani ya miezi 6, au mara 3 kwa mwaka, basi inajirudia kweli, na yako mengi ya kufanya kabla ya kurudi kwenye antibayotiki.

Wengi husema UTI wameiokota kwenye choo cha stendi, lakini choo hicho kinasingiziwa. Bakteria anayeleta UTI nyingi, E. koli, anaishi kwenye utumbo wako mwenyewe. Anatoka njia ya haja kubwa na kufika kwenye mrija wa mkojo, ambao kwa mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi tu. Kinachotuumiza ni hofu ya choo chenyewe. Mama muuza mboga anatoka nyumbani alfajiri na kikombe kimoja cha chai, anajibana mpaka jioni. Abiria wa basi la Mwanza hagusi maji tangu Dar ili asimsumbue konda. Mkojo unakolea, unakaa kibofuni saa nyingi, bakteria wanazaliana kwa raha. Nenda chooni, mama. Ukijipangusa, anzia mbele kurudi nyuma.

Maji tunayasisitiza kwa sababu yamepimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia wanawake 140 nchini Bulgaria, wenye UTI inayojirudia na waliokuwa wakinywa vinywaji chini ya lita 1.5 kwa siku. Nusu yao waliongeza lita 1.5 za maji kila siku kwa mwaka mzima. Wakaugua wastani wa mara 1.7, na wenzao ambao hawakuongeza mara 3.2. Kiasi hicho ni ile chupa kubwa ya maji ya dukani, unayoweza kuijaza nyumbani maji yaliyochemshwa. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo amuulize daktari kwanza.

Sabuni za kusafishia uke, kujifukiza, kuweka vitunguu saumu ukeni: tafadhali acheni. Ndani ya uke wapo bakteria wazuri wanaozuia wale wa utumboni wasiweke makazi, na vitu hivyo vinawaharibu. Nje panatosha kuoshwa kwa maji. Dawa za kuua mbegu za kiume nazo, pamoja na kondomu zilizopakwa dawa hizo, huongeza UTI. Zipo njia nyingine za uzazi wa mpango.

Mama aliyekoma hedhi ana sababu yake ya pekee. Homoni ya estrojeni ikipungua, ule ulinzi wa uke nao hupungua. Krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni, inayoandikwa na daktari, ni kinga nzuri sana kwa rika hili, na inasikitisha kuona akina mama wengi hawajawahi kuambiwa. Kwa rika lolote, daktari anaweza pia kuandika methenamini. Si antibayotiki, ndani ya mkojo wenye asidi hugeuka kuwa kemikali inayoua bakteria. Mwaka 2022 utafiti wa Uingereza ulionyesha kuwa katika kuzuia UTI haikuachwa mbali na antibayotiki za kila siku.

Vidonge vya tunda la kranberi tunauza, na vinapunguza UTI kujirudia kwa kiasi, lakini havitibu UTI iliyokwisha kuanza. Unga wa D-manosi, aina ya sukari inayouzwa kama kinga ya UTI, hatutakushawishi ununue: utafiti wa mwaka 2024 kwa wanawake karibu 600 haukuona faida.

Ukiwa na homa, maumivu ya mgongo ubavuni, kutapika, au una mimba, usipitie kwetu. Nenda hospitali leo hii. Uchafu unaotoka ukeni wenye harufu au muwasho nao unahitaji kipimo kingine, huenda si UTI kabisa.

Ukija kwetu, beba majibu ya mkojo ya mwisho na maboksi ya dawa ulizotumia. Kuna chumba kidogo nyuma ya kaunta, tutaongea huko bila foleni kusikia, na ushauri haulipiwi.