Gia tano na difu ya mwendo kwa pamoja? Soma kabla hujanunua

Mwezi huu tumeyasikia tena: "Nimelipa hela chungu nzima, mmenifungia gia tano, na hiyo ya tano nikiitia tu gari inalala." Safari hii aliyesema ni bwana mmoja wa Fuoni mwenye Morris Minor ya injini ya cc 948. Alisema kwa sauti, mbele ya wateja wengine, akamalizia kuwa mafundi wa siku hizi ni wezi. Ni mkubwa wetu, hatukumjibu palepale. Tunajibu hapa kwa sababu lalamiko lake ni la wengi, na gari za zamani hapa Unguja zinazidi kufufuliwa: za harusi, za mahoteli, na za watu wanaozipenda tu.

Ile giaboksi hatukumuuzia sisi. Aliinunua Gerezani, Dar es Salaam, kwa simu: Type 9 ya Ford Sierra. Ni giaboksi nzuri, na wenye Morris huko Uingereza wanaifunga sana. Lakini kwenye boti hiyohiyo ikaja na difu ya 3.7, maana muuzaji alimwambia viwili hivyo vikikaa pamoja gari inaruka. Difu ni gia za kwenye ekseli zinazopokea mzunguko wa propela (shafti ndefu itokayo kwenye giaboksi) na kuupeleka kwenye magurudumu. Ya 3.7 maana yake propela inazunguka mara 3.7 gurudumu likizunguka mara moja; namba ikiwa ndogo ni difu ya mwendo, lakini nguvu inapungua. Tukamwambia achague kimoja. Akajibu, "Nyinyi fungeni, mwenye gari ni mimi." Tukaandika kwenye karatasi ya kazi, akatia saini, tukafunga.

Hesabu yenyewe ni hii. Morris ya 948 ilitoka kiwandani na difu ya 4.55, yaani krauni (gia kubwa ya difu) meno 41 na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) meno 9. Gia ya nne ni moja kwa moja, propela inazunguka sawa na injini, kwa hiyo ukienda kilomita 80 kwa saa injini inazunguka karibu mara 3,400 kwa dakika. Hapo ndipo inapolia, na hapo ndipo mwenye gari anapoanza kutafuta dawa. Ukibadilisha giaboksi peke yake, ya tano ya Type 9 ni 0.82, utashuka hadi kama 2,800. Ukibadilisha difu peke yake, ukaweka ya 3.9 ya MG Midget ambayo inakaa palepale bila kukata chuma, utapata kama 2,900. Yoyote kati ya hizo ni kazi tunayoifanya kwa moyo mweupe. Ukiweka 3.7 na gia ya tano kwa pamoja, injini inabaki na mizunguko 2,250 hivi. Injini hiyo ilikuwa na nguvu za farasi 37 ilipokuwa mpya! Itavuta nini, watu wanne ndani, unaelekea Makunduchi na kusi inakupiga usoni?

Na difu haigusi gia ya mwisho tu, inagusa zote. Giaboksi ya gia tano inakuachia ya kwanza karibu vilevile ilivyokuwa, inakuongezea moja juu. Difu ya mwendo inaipunguzia nguvu hata ya kwanza, na rivasi pia. Bwana wetu alianza kuunguza klachi kwenye foleni ya Darajani kabla hata hajalalamikia gia ya tano. Difu yake ya zamani tulikuwa tumeipaka grisi na kuihifadhi kwenye boksi, tumeirudisha, na sasa gari inakwenda. Kinachomuuma ni kulipia kazi moja mara mbili. Na sisi kinatuuma, lakini mikono ya fundi imefanya kazi mara mbili vilevile.

Land Rover ndiyo zinazotuletea kesi kubwa zaidi. Series III fupi, modeli ya zamani, ina difu za 4.7, meno 47 kwa 10, mbele na nyuma. Ukiwa na tairi za 6.00-16, kilomita 80 kwa saa ni mizunguko 3,100 na ushei. Dawa inayojulikana ni difu za 3.54 kutoka Range Rover za zamani, ambazo shafti za ekseli zake, kwenye ncha inayoingia ndani ya difu, zina meno 10 kama za Series. Range Rover za mwishomwisho zina meno 24, hizo hazikubali, na mtu anayekuuzia kwa picha ya WhatsApp hakuhesabii meno. Series III ndefu nayo nyuma ina difu ya Salisbury, ambayo ni kitu kingine kabisa. Tumeshapokea zaidi ya mteja mmoja aliyebeba difu kutoka bandarini Malindi hadi kwetu na haina pa kuingia.

Njia ya mkato wanayoipenda ni kubadilisha difu ya nyuma peke yake. Wanasema: gari siku zote inavuta kwa nyuma, mbele ya nini? Alikuja mmoja wa Kizimkazi aliyefungiwa hivyo mahali pengine. Aliambiwa asiguse kile kitufe cha njano kinachoingiza magurudumu ya mbele, basi, ataishi salama. Hakikuguswa. Siku ya kuvuta boti kutoka pwani akavuta mkono mwekundu ili apate gia nzito, na kwenye Series mkono huo ukiuvuta magurudumu ya mbele yanaingia kazini yenyewe. Mchangani tairi ziliteleza, zikasamehe. Alipotoka akaingia kwenye jiwe na boti bado iko nyuma, mbele inataka mwendo mmoja na nyuma inataka mwingine. Ekseli ikakatika. Bei ya ekseli, ya kuivuta gari hadi mjini na ya difu ya mbele aliyoikwepa mwanzo ilizidi kwa mbali kile alichodhani amekiokoa. Kwetu difu za Land Rover zinafungwa mbili au hazifungwi.

Jingine ambalo halisemwi dukani: spidomita ya Series inachukua mwendo kwenye transfa (boksi la gia lililo nyuma ya giaboksi), kabla ya difu. Ukiweka 3.54 bila kuirekebisha, ikikuonyesha 60 wewe uko 80. Breki ni zilezile za zamani.

Kwa ndugu zetu wa Pemba jibu letu mara nyingi ni tofauti, na msidhani tunawabania. Unguja, ukitoka mjini kwenda Paje au Chwaka, njia imelala. Pemba ni kupanda na kushuka, hasa huko Wete, na gari ikibeba karafuu ndiyo zaidi. Mzee mmoja wa Wete alitaka 3.54 kwa kuwa shemeji yake wa Bububu anazo. Tulimshauri abaki na 4.7, tukamtafutia ovadraivu (gia ya ziada) ya Fairey, inayopunguza mizunguko kwa kama asilimia 22. Penye tambarare anaitia, penye mlima anaitoa. Sharti lake ni moja: ina oili yake yenyewe, na ikikauka inajimaliza.

Sasa bei. Giaboksi ya Series haitoki kwa chini kama ya Corolla. Unatoa viti, unatoa boksi la viti, unatoa sakafu, na bolti zote hizo zimeliwa na chumvi ya bahari. Kisha inanyanyuliwa kwa juu kupitia ndani ya gari. Type 9 kwenye Morris inataka adapta ya klachi hausing, propela ikatwe na ipigwe balansi, chuma cha kushikilia giaboksi kwenye bodi kitengenezwe upya na kebo ya spidomita ibadilishwe. Kwenye difu, krauni na pinioni zilisagwa pamoja na zina namba zinazofanana. Ukichanganya za jozi mbili zitalia hadi siku ya kufa. Tunapaka rangi kwenye meno, tunazungusha, tunaangalia alama imekaa wapi, tunabadilisha shimu (vibati vyembamba vya kusogeza gia), tunarudia. Anayekufungia kwa nusu ya bei yetu ameruka hapo.

Kabla ya kuja, jua gari yako ina difu gani, maana nyingi zimeshabadilishwa na mafundi waliotangulia. Nyanyua magurudumu yote mawili ya nyuma, weka gia huru, tia chaki kwenye propela. Mwenzako mmoja azungushe gurudumu la kulia na mwingine la kushoto, kwa pamoja, duara moja kamili. Wewe hesabu propela imezunguka mara ngapi. Ikizunguka mara nne na nusu na kidogo, ni 4.55. Kwa Land Rover fanya hivyo mbele pia. Tuletee namba hizo, saizi ya tairi, na utuambie gari inafanya kazi wapi na inabeba nini. Mashauri hayo ni bure, hata kama spea utanunua kwingine.

Ukishafungiwa, nenda taratibu kilomita 500 za mwanzo, halafu rudi. Tunamwaga oili ya difu na kuangalia imetoka na chuma kiasi gani. Oili utalipia, kazi hiyo hatulipishi.