Sanamu isubiri kidogo

Ngamiani, Tanga

Ndugu yangu Mbwana,

Assalaam alaikum. Huku tu wazima, masika ndiyo hayo yameanza. Mpango wenu wa kumuenzi mwasisi wa chuo nimeusoma wote, na naona fedha mnaanza kuzitia pasipo.

Sanamu ya zege hapo ufukweni isubiri. Chumvi ya bahari hupenya kwenye zege, nondo zikashika kutu na kuvimba, zege likapasuka kutoka ndani. Halafu mfano mnao hapo hapo Bagamoyo: ukumbi wa Chuo cha Sanaa uliungua mwaka 2002, marehemu Hukwe Zawose, yule mwanamuziki wa Kigogo, akafariki 2003, lakini ilimba yake, ile ala ya kupigwa kwa vidole gumba, haikunyamaza, maana watoto na wajukuu walifunzwa nyumbani. Mwasisi wenu naye yumo makabatini mwa familia za waliosoma kwake: barua za kupokelewa chuoni, picha za mahafali, risiti za ada.

Sauti za wazee ndizo za kwanza kurekodiwa, hazingoji. Dakika 45 zinatosha. Mzee akichoka huanza kuitikia kila kitu. Mjukuu wake awe pembeni, yeye atauliza lile mnaloonea haya. Zimeni pangaboi, humeza maneno. Simu iwekwe juu ya kanga iliyokunjwa, si kwenye meza tupu, la sivyo kila kikombe kikiwekwa kitasikika. Na msiulize "mwasisi alikuwa mtu wa namna gani", mtapewa hotuba ya msibani. Mtieni picha mkononi, mumuulize huyu wa tatu kushoto ni nani, na siku ile walikula nini.

Picha zenyewe zingoje mvua zikatike, maana unyevu huu huzigandisha. Shida kubwa ni zile albamu za kurasa za kunata. Usivute! Chukua uzi wa kusafishia meno, upitishe chini ya picha kuanzia pembeni, huku na huku kama msumeno. Ikikataa, iskani pamoja na ukurasa wake. Skana iwe dpi 600, yaani nukta 600 kwa inchi: faili nzito ya TIFF ya kuhifadhi, faili nyepesi ya JPEG ya kugawa. Wanaotuma kwa WhatsApp watume kama dokumenti; ikienda kama picha hubanwa, na ukiikuza nyuso hazitambuliki. Majina yaandikwe nyuma, ukingoni, kwa penseli laini, kwa sababu kalamu ya bolpeni hukandamiza hadi alama ikatokea mbele. Vyeti msivitie laminesheni, gundi ile ikishashika kwa joto haibanduki tena.

Nakala ziwe tatu, diski mbili na moja mtandaoni. Diski moja isikae Bagamoyo, niletee mimi.

Sasa lile linaloharibu kamati nyingi: kuazima albamu. Katibu akihama, albamu nayo imehama, na familia nzima haiwafungulii mlango tena. Skana iende nyumbani kwao, mali ya watu ibaki pale pale, na mwenye nyumba asaini karatasi ya ruhusa inayotaja nini kinaweza kuonyeshwa hadharani na nini ni cha ukoo tu. Barua za mapenzi zimo humo humo, usishangae.

Nitumie orodha ya familia kumi za kwanza, wenye umri mkubwa juu. Skana nitaipakia kwenye basi mvua zikipungua.

Wasalimie nyumbani.

Wako,
Athumani